Chiriku wa Shashi

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, baada ya adhana ya alfajiri, Bi Tatu alifariki nyumbani kwake Mbagala. Nimempoteza mwalimu wangu wa kazi, na nimempoteza mtani. Ya mwalimu yamebaki kidogo mikononi mwangu. Mtani wa namna ile sitampata tena.

Nilikuwa mhudumu wa wodi ya watoto mpaka juzijuzi nilipokabidhi ufunguo wa kabati la mashuka. Shule yangu ni ya darasa la saba, Tabora. Haya nimeyaandika kwa kalamu, na Neema wa wodini ndiye anayeyapiga chapa. Aliwahi kuniomba siku ya kuniaga: "Mama Kulwa, tuandikie basi, ukienda nani atatuambia?" Nikamjibu hakuna cha kuambiwa, kazi ni kushika bakuli. Baada ya msiba nimebadili nia. Pale msibani nilimsikia mgeni mmoja akimwambia mwenzake kwamba marehemu alikuwa mama wa usafi hospitali, mcheshi tu, hana neno. Nikaona nikinyamaza, hilo ndilo litakalobaki. Kwa hiyo nyie mnaoshika bakuli leo, haya ni yenu. Vyeo sitavigusa kwa kuwa sikuwa navyo, na mshahara wenyewe mnaujua.

Kuna jambo moja nilitangulize. Bi Tatu alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watu hawa ni watani tangu enzi za misafara. Mzaramo akifa, Mnyamwezi ana kazi yake msibani: amwigize marehemu, aibe sufuria, azuie jeneza lisitoke mpaka apewe chake. Bi Tatu alinichukulia ahadi kwamba nitaifanya kazi hiyo siku yake ikifika. Na mimi ni mtu wa kulia kimya. Sikujua kama nitaweza, na ilipofika siku yenyewe nikakatazwa. Nitafika huko. Kwanza kazi.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana. Muuguzi akaniambia niende chumba cha kufungia vidonda, nimfuate anayepiga kelele. Nikamkuta mama mfupi, mnene, mguu mmoja mzito kidogo, kandambili za kijani miguuni, anapiga mluzi kama ndege huku mtoto kwenye kitanda ameduwaa anamtazama.

Alipomaliza akanigeukia. "Umetokea wapi wewe?"

"Tabora."

"Tabora ipi?"

"Uyui."

Akaweka bakuli chini, akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Wameniletea mbeba mizigo wangu mwenyewe. Shika hili bakuli. Babu yako kabeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe bakuli litakushinda?"

Nilijua ananitania, na kwetu ukitaniwa unajibu. Nilikuwa na majibu, hata leo ninayo. Hayakutoka. Akanisubiri, akatikisa kichwa. "Haya. Mnyamwezi, na bubu juu." Tangu siku hiyo jina langu wodini likawa Bubu. Sikulikataa, lilikuwa la kweli.

Yeye watoto walimwita Chiriku. Jina hilo lilinishangaza. Kwetu chiriku alikuwa adui. Mtama ukianza kushika, sie watoto tulipandishwa kwenye dungu na makopo ya kugonga, tukawinga ndege kutwa, na chiriku ndiye aliyekuwa hachoki. Ukimfukuza huku anatua kule, na anaimba juu yake, kama anakucheka. Baba alikuwa akimtukana kila asubuhi. Hapa mjini nikakuta ukimwita mtu chiriku unamaanisha ana maneno mengi, domo halilali. Bi Tatu alistahili maana hiyo bila ubishi. Ila wodini kulikuwa na maana nyingine ambayo sijaikuta popote. Mtoto angemuuliza mama yake asubuhi, "Leo kuna chiriku?" na mama angejibu, "Yupo, tena wa kwanza ni wako." Chiriku ulikuwa mchezo. Mchezo wenyewe nitawaeleza wote, kwa sababu nimeambiwa wodini sasa haupo.

Kwanza fahamuni vidonda vyenyewe. Wengi wanaoletwa wameungua. Watu wanaishi chumba kimoja, jiko la mkaa liko sakafuni, mtoto anatambaa. Chai, uji, maharage, maji ya kuoga, mafuta ya maandazi. Kidonda cha moto hakifungwi mara moja kikaisha. Kinafunguliwa, kinaoshwa, kinafungwa, halafu keshokutwa tena. Kuungua kwenyewe kulimshtukiza mtoto. Kufunguliwa kunamkuta ameshajua, na anaanza kulia akiliona tu bakuli mlangoni.

Muuguzi ndiye anayefungua. Sie kazi yetu ni bakuli, maji ya chumvi, kumtuliza mtoto. Siku za uhaba, na siku za uhaba zilikuwa nyingi, tulifungua sie chini ya macho yake. Bi Tatu alinifundisha mambo ambayo hayakuandikwa ukutani. Panga sinia kabla mtoto hajaingia, usipange mbele yake. Koleo lifunike na kitambaa. Mama akae upande wa kichwa, mtoto amwone uso, asikae miguuni kama anayemkamata. Dawa ya maumivu ikishatolewa mpe muda ishuke, usimfungue mtoto dawa ikiwa bado mdomoni. Shashi ya bandeji ikiganda kwenye kidonda usishindane nayo. Imwagie maji, subiri, imwagie tena. Mkono ukikuwasha kuivuta, ukalie.

Halafu chiriku. Alichukua kipande cha shashi safi, akakunja, akafunga fundo moja la kichwa na jingine la mkia, mbawa akaziacha zikining'inia. Huyo ndege akaruka. Akatua kwenye taa, kwenye kichwa cha mama, puani kwa muuguzi. Mtoto anaambiwa aseme anakotua. Muda wote huo mimi namwaga maji kwenye bandeji. Mwisho ndege anatua kwenye kiganja cha mtoto, na hapo Bi Tatu anamwambia maneno yaleyale kila siku, kwa kila mtoto:

"Sasa inauma. Nani kasema haiumi? Inauma. Lakini mwenye kidonda ni wewe. Mpaka wewe useme ruka, hakuna mtu atakugusa."

Basi hapo watu wote wanangoja. Mtoto akisema "ruka," ndege anarushwa juu, na kipande cha mwisho cha shashi kinatoka. Atalia, ndiyo. Ila atalia kama mtu aliyeamua, na kilio cha aliyeamua ni kifupi. Sina kipimo cha kuwaonyesha. Nimekaa upande wa bakuli maisha yangu yote ya kazi, na hivyo ndivyo nilivyosikia.

Mtoto wa kwanza aliyetaka kutushinda aliitwa Zuhura, wa Tandika, miaka kama mitano. Uji ulimmwagikia mkono na kifua. Kabla ya kuletwa kwetu alikuwa amefunguliwa mahali pengine, watu wazima wamemshika miguu na mikono, wanamwambia haiumi, haiumi. Kwa hiyo alipofika kwetu alikuwa haamini mtu. Bi Tatu akarusha ndege, Zuhura akatazama ukuta. Akapiga mluzi, Zuhura akatazama ukuta. Ndege akatua kwenye kiganja chake, akakifunga kiganja.

"Mwanangu, inauma," Bi Tatu akamwambia.

Hapo ndipo aligeuka. Alimkodolea macho kama mtu aliyesikia jina lake ugenini.

"Inauma sana?" akauliza.

"Sana. Mie mwenyewe nikikutazama naumia."

Mtoto akakifungua kiganja, akamtazama ndege. Tukangoja. Nje watoto wengine wanangoja, mama zao wanachungulia, jua limeshaingia dirishani. Sista aliyekuwa mkubwa wa wodi akaja kusimama mlangoni. Jina lake sitaliandika, nitamwita Sista tu.

"Bi Tatu, kuna foleni."

"Naiona, Sista."

"Sasa mshikeni mmfungue."

"Mwenye kidonda hajasema."

"Bi Tatu!"

"Hajasema, Sista. Akisema utasikia hata ukiwa ofisini."

Mimi nikainamisha macho kwenye bakuli langu. Sista alituangalia, akaondoka viatu vikigonga. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama mvua ya masika, Zuhura akamkabidhi Bi Tatu yule ndege mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Ruka." Akalia sana. Hakuna aliyemshika.

Kesho yake tukaitwa ofisini. Sitaki mumchukie Sista. Alikuwa na wodi nzima juu ya kichwa chake, na alisema mambo mawili. La kwanza, kile kitambaa cha ndege Bi Tatu alikuwa akikiweka mfukoni na kukitumia kwa mtoto huyu na yule, kina vijidudu. Hilo lilikuwa kweli, na Bi Tatu alilikubali palepale. Tangu siku hiyo kila mtoto alikunjiwa ndege wake mpya, akaondoka naye. La pili, kelele.

"Hapa ni wodini," Sista akasema. "Siyo ngoma ya kigodoro."

"Sista, kigodoro mie sijakianza bado. Hiki kingoma kidogo tu cha kumtoa mwali ndani."

"Sitaki mluzi, sitaki makofi, sitaki nyimbo. Ukimya. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka."

Nilijua Bi Tatu akisema umeeleweka mambo yamekwisha. Tulivyotoka nikamuuliza, maana yeye nilikuwa naweza kumsemesha, "Sasa tunaacha?"

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Tuache nini? Kakataza kelele. Ndege kamkataza?"

Akaingia chumbani, mtoto akaletwa, na chiriku akaruka bila sauti hata moja. Vidole tu. Kivuli chake kwenye ukuta, mbawa zinapiga, kinatua kwenye kivuli cha kichwa cha mama. Mtoto anaonyesha kwa kidole. Bi Tatu anaigiza ndege aliyepaliwa, ndege aliyekosa tawi, ndege Mnyamwezi aliyebeba mzigo mzito mpaka mkia unaburuta, na hapo ananitazama mimi. Mama wa mtoto akaziba mdomo na kanga asicheke kwa sauti. Kwenye "inauma" alisogeza midomo tu. Mtoto naye akasema "ruka" kwa midomo tu. Ndege akaruka. Sista alipita mlangoni akakuta kimya kama msikitini kabla ya sala. Alisimama, akatafuta kosa, akaenda zake.

Ndivyo tulivyofanya muda wote wa Sista. Hakuwahi kubadili mawazo. Alistaafu akiamini ni upuuzi, na sie tukaendelea na upuuzi wetu. Mimi amri ile ilinifaa kuliko alivyokusudia. Mdomo wangu haukuwa na mluzi wala maneno, ila vidole ninavyo. Bi Tatu akaanza kunipa ukuta. "Leo Bubu ndiye chiriku," angesema kwa ishara, naye akashika bakuli. Yeye, mkubwa wangu, akanishikia bakuli.

Zuhura alipopona kidogo aliruhusiwa amalizie kufungwa kwenye zahanati karibu na kwao. Bibi yake ndiye alikuwa akimpeleka. Kule Zuhura akagoma. Kila akiulizwa anasema anataka chiriku, bila chiriku hafunguliwi. Bibi wa watu, ambaye hakuwahi kuingia chumbani kwetu, akajua hiyo ni dawa. Akazunguka maduka ya dawa ya Tandika yote anaulizia chiriku. Duka la mwisho kijana hakutaka kumpoteza mteja, akamuuzia mafuta ya kupaka, akamwambia hiyo ndiyo chiriku mpya iliyoingia.

Akatufuata wodini amekunja uso, tyubu mkononi. "Nyie, hii chiriku yenu mbona mtoto anaitupa?"

Bi Tatu alikaa sakafuni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, Sista au hakuna Sista. Kisha akamkalisha yule bibi, akamkatia shashi, akamfundisha kufunga mafundo. "Kichwa huku. Mkia huku. Na usimdanganye, mama. Mwambie inauma." Yule bibi akarudi siku nyingine kuomba shashi zaidi. Alisema mtaani kwao watoto wanagoma hata kukatwa kucha bila chiriku.

Bi Tatu alistaafu kabla yangu. Niliyabeba yale peke yangu kwa miaka, kimyakimya, ukutani. Waliingia wakubwa wengine wa wodi. Mmoja alipenda, mmoja hakujua kama kuna kitu kinafanyika, mmoja alisema siku hizi kuna simu, mtoto apewe katuni aangalie. Sikubishana. Katuni haimwulizi mtoto kama yuko tayari. Nilipoletewa simu niliiweka mezani na kukunja ndege wangu. Mkiniambia ni mambo ya kizamani, nitawajibu kwamba moto nao ni wa kizamani na bado unaunguza.

Nilikuwa nikienda Mbagala kumtazama. Kutoka kwangu Kimara ni mbali, lakini nani angenitania? Sukari ilikuwa imempanda, miguu imevimba na kidonda kimoja hakiponi, anakaa barazani kwenye mkeka. Safari moja nikampelekea asali ya kwetu.

"Tazameni Mnyamwezi," akawaambia majirani. "Nina sukari, kaniletea asali. Kachoka kungoja urithi."

"Ni ya kupaka kidonda," nikamwambia.

"Ee! Bubu kasema!"

Siku hiyo ndipo aliponichukulia ahadi. Majirani walikuwa wameondoka. Akanishika mkono, na sura yake haikuwa ya utani. "Mtani, mie nikifa usije ukanililia kimya. Nakujua. Utakaa pembeni na kanga yako usoni kama mtu aliyenyimwa chakula."

"Usiseme hivyo."

"Nisikilize. Hamza wangu hapendi utani. Kasoma, ana marafiki wa ofisini. Atataka msiba watu wamenuna kama wako benki. Na watani zangu wengine nao siku hizi wastaarabu, wanakuja na miwani myeusi. Umebaki wewe." Akanibana mkono zaidi. "Mie sijamfungua mtoto wa mtu kidonda bila mchezo. Na mie nisifungwe sanda nikaondoka bila mchezo. Umenielewa?"

Nikamwambia umeeleweka. Akacheka, maana lilikuwa neno lake.

Sasa nimefika. Jumamosi ile nilipigiwa simu asubuhi, nikafika mchana turubai limeshafungwa, wanaume wamekaa nje kwenye viti, wanawake ndani kwenye mikeka. Mazishi yalipangwa baada ya alasiri. Hamza alinipokea uani. Ni mtu mzima sasa, ana mvi za pembeni. Namfahamu tangu akiwa wa shule, akija kumngojea mama yake chini ya ule mti wa mkungu wa hospitali.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Pole mwanangu."

"Nimeshapoa." Akanivuta pembeni. "Shangazi, nina ombi. Najua wewe na mama mlivyokuwa. Lakini leo mambo ya utani naomba yasiwepo. Kuna wakubwa wangu wa kazini wamekuja. Nataka mama aagwe kwa heshima."

"Nimekusikia," nikamwambia.

Kusikia siyo kukubali, ila hakuuliza zaidi. Nikaingia ndani, nikakaa na wanawake, na nikafanya kilekile alichosema Bi Tatu. Kanga usoni, machozi kimya. Watani wengine walikuwepo, wawili watatu, wamekaa wametulia. Mmoja alikuwa na miwani myeusi. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Wanawake wa kuosha walimaliza, wakatoka na ndoo. Nikasikia huko nje wanaume wanaleta jeneza tupu, na nikajua muda unaisha. Kama nisingesimama wakati ule, angeondoka kama mgeni asiye na mtu.

Pembeni ya mlango zilikuwepo kandambili za kijani. Zile zile, au wajukuu wa zile zile, alikuwa akinunua rangi moja maisha yake yote. Nikazivaa. Nikachukua kanga yake iliyokuwa kwenye kamba, nikajifunga kama alivyokuwa akijifunga, juu ya kiuno, fundo ubavuni. Mguu mmoja nikaufanya mzito. Nikatoka uani hivyo, mkono kiunoni, na nikasema. Mara ya kwanza sauti haikufika popote. Nikaisema tena.

"Nani kasema haiumi?"

Watu wakageuka. Kama kungebaki kimya hata kidogo tu zaidi, ningevua zile kandambili nikakimbilia Kimara. Lakini mdogo wake Bi Tatu, Bi Mwajuma, aliyekuwa amelia tangu asubuhi mpaka sauti imekauka, alinyanyua kichwa pale mlangoni.

"Mama yangu! Mnyamwezi huyo! Ficheni masufuria!"

"Masufuria gani?" nikamjibu, na sijui ilitoka wapi. "Nyie mna masufuria? Mmeuza kiwanja gani mkapata hili turubai? Au bado kuna minazi ya babu ya kuuza?"

Wanawake wakaangua kicheko, kicheko kimechanganyika na kilio. Nikazunguka ua na mguu wangu mzito. Nikamwendea mzee mmoja nikamshika goti, nikamwambia kaa upande wa kichwa, baba, usikae miguuni kama mkamataji. Nikaona Neema na wenzake wa wodini wamesimama ukutani wanafuta macho na kucheka. Yule mwenye miwani myeusi akaivua, akasimama, akaanza kubeba viti vya watu akisema anavipeleka Tabora. Wakubwa wa kazini kwa Hamza wakatazamana. Sikuwajali.

Jeneza likainuliwa kutoka ndani. Mie nikakaa kizingitini, miguu nimenyoosha, kandambili zinaangalia juu. Waliobeba wakasimama.

Hamza akaja mbele. "Shangazi, nilikuomba."

"Uliniomba, baba."

"Basi tupishe."

"Sipishi. Mwenye kidonda hajasema."

Akatazama huku na huku. Akatoa noti mfukoni, akaninyooshea, uso umemvimba kwa hasira.

"Rudisha mfukoni," nikamwambia. "Sikuja kuuza kitu."

Shehe aliyekuwa akingoja nje akasogea. Alikuwa mzee wa palepale Mbagala. "Hamza, mwanangu, mtani haondolewi kwa nguvu. Mpe anachotaka twende, jua linashuka."

"Anataka nini sasa?"

Nikafungua kiganja. Nilikuwa nimekunja shashi asubuhi, nyumbani, kabla sijapanda gari. Kichwa huku, mkia huku. Hamza akamwona yule ndege, akairudisha noti mfukoni. Waliobeba jeneza wakabadilisha mabega. Nilimngoja. Najua kungoja, ndiyo kazi niliyofundishwa.

"Alinifanyia hivi siku ya tohara yangu," akasema, taratibu, kama anajisemea mwenyewe. Wanaume wa karibu waliosikia wakacheka, na yeye akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio. Akajishika macho. Akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima na suti yake, akaniwekea kidole kwenye kiganja.

"Ruka," akasema.

"Sijasikia."

"Ruka, mama."

Nikamrusha ndege juu, nikavuta miguu, nikawapisha. Wanaume wakatoka na Bi Tatu, Hamza mbele upande wa kichwa, na sauti zao zikapotea kwenye kona ya mtaa. Sie wanawake tukabaki. Tuliosha vyombo. Mwenye miwani alirudisha viti, vyote isipokuwa kimoja.

Jioni nilipokuwa nashika njia, Bi Mwajuma alinipigia kelele kutoka barazani, sauti yake imerudi.

"We Mnyamwezi! Umeondoka na kandambili za marehemu!"

"Nimeziiba," nikamjibu, nikaenda nazo.